Mlezi Aliyewapa Ndege Kisogo

Katika chumba cha chai cha kituo cha kulelea wanyama yatima palikuwa na ubishi mmoja uliodumu kuliko viti vyenyewe. Viti vilikuwa vimebadilishwa mara mbili, ubishi ukabaki ule ule: kati ya ndege wa baharini na kima, nani ana taabu zaidi hapa duniani? Upande wa ndege alikaa mzee mmoja mwembamba ambaye jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, maana kila mtu alimwita Kisogo. Upande wa kima alikaa mama mmoja mwenye kifua kipana na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Huyo aliitwa Mama Mbeleko. Wengine walikunywa chai na kusikiliza, na wakiona ubishi unapoa, waliuchochea.

Mama Mbeleko ndiye aliyekuwa akianza. Kima wake, alisema, hukatiwa msitu mti baada ya mti, mama hupigwa risasi, na mtoto hubanduliwa kwenye kifua cha maiti akauzwa kama mwanasesere. Ndege amepatwa na nini cha kufananisha na hayo? Kisogo hakuwa mtu wa haraka. Angetafuna mkate wake mpaka uishe, kisha ajibu kwamba ndege wake hutaga yai moja tu kwa mwaka, shimoni, kwenye kisiwa ambako panya walishuka kutoka melini wakakaa kama wapangaji wasiolipa kodi. Kinda akiponea panya, wazazi wake wananaswa na ndoana za meli za uvuvi huko bahari kuu. Mama Mbeleko angemwambia asimtishe na yai moja kwa mwaka, kwa sababu kima wake huzaa mmoja na kukaa miaka miwili au mitatu bila mwingine. Siku moja waliunganisha idadi ya ndege waliobaki na ya kima waliobaki, wakakuta wote kwa pamoja hawajazi uwanja wa mpira. Hapo dereva wa kituo akasema kuwa basi wote wawili ni maskini, na kipande cha mkate kilichobaki apewe mwenye njaa kuliko wote. Akakila yeye.

Pale ambapo hawakupatana kabisa ni kwenye shukrani. Mama Mbeleko alikuwa akilea watoto wa kima kifuani, amewafunga kwa mbeleko, akipika nao, akifagia nao, akigombana na watu nao. Kima aliyekwisha kukua humkumbuka mlezi wake, akimwona kwa mbali hupiga kelele.

"Lakini hao wako," alimwambia Kisogo, "unawalisha weee, na siku ya kuondoka hata kukutazama hawakutazami."

"Hiyo ndiyo kazi," Kisogo alijibu. "Akinitazama, nimeshindwa."

Na hakuwa akijitetea. Nyuma ya kituo palikuwa na kilima kinachotazama bahari, na kwenye kilima hicho Kisogo alikuwa amefukia masanduku ya mbao yenye milango ya mabomba, ili yafanane na mashimo ya kisiwani. Makinda waliookolewa kutoka kwa panya waliletwa humo wakiwa kama mafungu ya pamba ya kijivu. Kila siku alisaga samaki wadogo kwa maji na mafuta mpaka wawe uji, akavaa joho lenye kofia iliyofunika uso, akapanda kilima bila kusema neno. Alimtoa kinda, akamshika kwa nyuma, akampitishia uji kooni kwa mpira mwembamba, akamrudisha. Kabla kinda hajageuza kichwa kuona ni nani, mlezi alikuwa amekwisha kumpa kisogo. Jina lake lilianzia hapo. Waliomtania kwamba wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzako, aliwaambia wahenga hao hawakuwahi kulea ndege wa baharini.

Maana ndege hao ndivyo walivyoumbwa. Wazazi wenyewe humlisha kinda mpaka anene kupita wao, kisha huenda zao na hawarudi. Kinda hubaki shimoni peke yake, akila mafuta ya mwili wake. Njaa ndiyo humtoa. Hutoka gizani, akapanda mahali pa juu, akajirusha, na huko baharini hukaa miaka bila kukanyaga nchi kavu. Halafu siku moja, mkubwa sasa, hurudi kwenye kilima kile kile alichokiacha. Kisogo alisubiri miaka mitano. Mwaka wa sita alimkuta mmoja wa wale aliowalea ameingia ndani ya sanduku lake la zamani, pete ya kituo mguuni, anachokora udongo kama mtu aliyerudi kufagia nyumba yake. Alikaa chini palepale akalia, mzee mzima. Hakumwambia mtu kituoni. Alimwambia mkewe tu, na tangu siku hiyo aliamini jambo moja kuliko yote: ukimwacha vizuri, atarudi.

Basi na nyumbani alilea vivyo hivyo. Walijaliwa binti mmoja. Alipoanguka akijifunza kutembea, baba alikaa kimya kwenye kiti akisubiri ainuke. Alipoleta matokeo mazuri ya shule, baba alitikisa kichwa kwa kukubali, akarudi kwenye redio. Hakuwa mkali, hakuwahi kuinua mkono, na chakula hakikukosekana. Kama kupenda ni kuhangaika, basi alimpenda kupita kiasi, kwani hakuna usiku aliolala kabla ya kuhakikisha mlango wa chumba cha mtoto umefungwa dhidi ya baridi. Ila hayo aliyafanya mtoto akiwa amelala. Binti alipopata kazi mji wa mbali, mama ndiye aliyempeleka kituo cha mabasi. Baba siku hiyo alikwenda kazini na kusugua ndoo za samaki ambazo zilikuwa safi. Aliona kwamba anayeondoka asibebeshwe uso wa mtu.

Miaka ikaenda. Binti alikuwa akipiga simu kila mwisho wa juma, na ikitokea baba ndiye aliyepokea, alisema maneno yale yale: "Hujambo? Haya, mama yako huyu hapa." Mkewe alikwisha kuzoea, hata mkono alikuwa akiunyoosha kabla ya kuitwa. Kuja nyumbani, binti alikuja mara moja tu, akakaa siku chache kama mgeni anayeogopa kuchafua makochi. Kisogo alikuwa bado anasubiri mwaka wa sita wake, ingawa ulikwisha kupita.

Sasa hebu tuje kwenye mguu wa Mama Mbeleko. Aliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, sakafu aliyoimwagia sabuni mwenyewe, akavunjika vibaya, akalazwa. Bahati mbaya ilikuwa juma lile lile ambalo askari wa misitu walileta mtoto wa kima aliyekamatwa kwa mchuuzi. Alikuwa wa kiume, mdogo kuliko wote waliowahi kufika, macho yamejaa uso mzima. Makinda wa msimu ule walikuwa wamekwisha kuruka wote, na Kisogo alikuwa hana la kufanya ila kurekebisha masanduku. Daktari wa wanyama, dada mmoja aliyeongea huku anatembea, alikuwa anapanda boti kwenda kisiwani kukagua viota. Alimkabidhi Kisogo yule mtoto, akamwambia amshike, asimtoe kifuani, maziwa kidogo kidogo. Kisogo akaitikia ndiyo.

Tusimwonee. Hakuitikia kwa unafiki. Aliposikia "amshike" alielewa ampokee, ampashe joto, kisha aendelee kwa akili. Na akili yake ilimwambia kwamba kima huyu anatakiwa arudi msituni, na kima anayempenda binadamu atamkimbilia hata binadamu mwenye mbwa na panga. Mfano haukuwa mbali. Mama Mbeleko mwenyewe alikuwa na kima mmoja mkubwa aliyeshindwa kuondoka, kila akipelekwa msituni anarudi barabarani kuomba lifti. Kisogo aliona kosa la mwenzake na akakusudia kwa moyo safi kutolirudia.

Akatengeneza sanduku zuri. Aliweka taa ya joto juu, taulo lililokunjwa chini, na tundu la kupitishia chupa ili mkono usionekane. Akavaa joho lake. Mtoto wa kima alipoona kofia isiyo na uso alipiga ukelele, akanyoosha mikono yote miwili. Kisogo akampa chupa, akampa kisogo.

Siku ya kwanza mtoto alikunywa kwa njaa. Baada ya hapo alilia zaidi kuliko alivyokunywa, kilio chembamba kilichopita chini ya mlango na kumfuata mlezi mpaka kwenye meza ya chai. Kisogo alivumilia. Hata makinda hulia siku za mwanzo. Kisha kilio kikakoma, na Kisogo akashukuru, kwa sababu kwa ndege kimya ni afya: kinda anayenyamaza ameshiba na anaota manyoya. Mizani ilionyesha uzito umepungua, naye akasema moyoni kwamba hata kinda hupungua kabla ya kuruka. Alikwenda nyumbani akala vizuri.

Kesho yake, kabla ya saa ya chai, dereva alimleta Mama Mbeleko. Alikuwa ameomba ruhusa hospitali atoke kwa saa mbili kabla ya kurudi kupasuliwa tena. Alikuja na magongo mawili na plasta mpaka pajani, anayatukana magongo kama watu. Alipofika kwenye korido ya kima alisimama. Akatega sikio.

"Mbona kimya?"

"Ametulia," Kisogo akasema, na alisema kwa fahari kidogo.

"Hajatulia huyo. Amekata tamaa."

Aliufungua mlango kwa gongo. Mtoto wa kima alikuwa amejikunja pembeni mwa sanduku, amekigeuzia chumba mgongo, kidole kinywani. Alikuwa amejing'oa manyoya ya paja mpaka ngozi ikaonekana. Mama Mbeleko alitazama tundu la chupa, akatazama joho lililotundikwa ukutani, na ule ulimi wake wote ukamwisha. Kisogo alitamani atukanwe, kwani ingekuwa nafuu.

Badala yake yule mama alikaa juu ya ndoo na kumweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mgeni njia. Kinda wa ndege anaachwa akiwa na akiba. Amenenepa, ana mafuta, ana shimo, na hata njaa yake ina kazi ya kumsukuma nje. Kima anazaliwa hana akiba yoyote. Joto lake ni la mama, usingizi wake ni wa mama, hata kujua kwamba huu ni wakati wa kula anajua kwa mapigo ya kifua alicholalia. Wale wa msituni hawatui watoto chini kwa miezi. Kumwacha chini kima wa umri huu ni kumwambia kwamba mama ameshakufa, na yeye afuate.

"Mshike basi wewe," Kisogo akasema.

"Nimshike saa moja, halafu nirudi kitandani? Nitakuwa nimemuulia mama mara ya pili." Akavuta mbeleko iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango. "Fungua shati."

Ikawa ni kichekesho ambacho hakuna aliyekicheka. Mwanamke mwenye mguu mmoja wa kusimamia akimfunga mbeleko mwanamume aliyekuwa hajawahi kufungwa hata tai. Mtoto aliwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Hakushika. Kima wa kawaida hushika hata akiwa usingizini, lakini huyu mikono yake ilining'inia tu. Kisogo aliusikia moyo wake mwenyewe ukigonga kwenye ule mwili mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale aliogopa kuwa ameua.

"Ongea naye," Mama Mbeleko akaamuru.

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Hata bei ya samaki."

Kisogo akaanza na bei ya samaki. Ilipokwisha akaeleza jinsi ya kusaga uji usizibe mpira. Akaeleza mabomba, na masanduku, na upande upi wa kilima unaotuamisha maji. Dereva alipokuja kumchukua Mama Mbeleko aliukuta mdomo wa Kisogo haufungi, akadhani mzee amepatwa na homa. Mama Mbeleko alimpiga dereva gongo la kisigino anyamaze.

Mchana ulikuwa umekwisha kulegea alipofika kwenye habari ya yule ndege aliyerudi mwaka wa sita. Aliisimulia yote, hata pale alipolia. Hapo ndipo alipohisi kitu kinamfinya. Alitazama chini. Vidole vitano vyembamba vilikuwa vimeshika nywele za kifua chake, zile chache zilizobaki. Aliendelea kuongea, akiogopa kunyamaza.

Nyumbani alifika naye kifuani, shati halifungi. Mkewe alikuwa akikunja nguo sebuleni. Aliuliza maswali ambayo mke yeyote angeuliza, akajibiwa, akaenda kupasha maziwa. Mtoto alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena mpaka nusu ya chupa. Mume alimfuta mdomo kwa ncha ya kidole, akamwambia, "Ndiyo, baba, ndiyo," kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya ndoa. Mwanamke, aliyekuwa amerudi kukunja nguo, aliziacha.

"Sijui nicheke au nilie," alisema. "Mwanao alikuwa akikunyooshea mikono hivyo hivyo. Ukawa unamwambia, simama mwenyewe."

"Nilitaka awe na nguvu."

"Nguvu alikuwa nazo. Alikuwa anakutaka wewe."

Mkewe hakuongeza, kwa kuwa alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu na alipolitoa aliona limemtosha. Walikula. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, husema watu, na husema upesi, kama vile kulea ni kazi ya namna moja. Mzee huyu alikuwa amelea vizuri sana viumbe wasiotaka kushikwa, na ile sifa ikamfunga macho.

Zilipita siku za wasiwasi. Kila asubuhi alipanda mizani pamoja na mtoto, kisha akatoa uzito wake mwenyewe, na kila asubuhi aliogopa kusoma. Uzito ulisimama. Halafu ukaanza kupanda. Daktari aliporudi kutoka kisiwani alisikia habari yote kutoka kwa Kisogo mwenyewe, akakasirika kama alivyostahili, kisha akasema mtoto akae hapo hapo alipo, maana sasa amechagua.

Siku ya mapumziko, alasiri, Kisogo alikuwa sebuleni, mtoto wa kima amelala chini ya kidevu chake. Alichukua simu ya mkewe mezani. Alikuwa ametunga sentensi tangu asubuhi, ndefu, yenye ndege ndani yake na kima ndani yake, inayoeleza kila kitu. Simu ikaita. Binti akapokea, na alipoisikia sauti ile akashtuka.

"Baba? Nani amefariki?"

Sentensi yote ikapotea.

"Hakuna aliyefariki," alisema. "Wote wazima. Mama yako mzima."

"Basi nipe mama."

"Mama yupo. Nimekupigia wewe."

Upande wa pili ukawa kimya. Kisogo alikuwa mtaalamu wa kimya, lakini safari hii hakukiamini. Mtoto wa kima alijigeuza, akatoa mlio mdogo, akashika tena. Mzee akakumbuka alivyoamriwa. Akaanza kuongea. Alimwambia binti kuhusu sabuni iliyomwangusha Mama Mbeleko, kuhusu sanduku zuri alilotengeneza, na kwamba nusura aue. Alimwambia kwamba siku ile ya safari yake ndoo zilikuwa safi. Alizisugua tu.

Binti alijibu kwa sauti ndogo kuliko umri wake.

"Nilichagua siti ya dirishani, Baba. Upande wa kituo. Nilijua utakuja dakika ya mwisho."

Mkewe alikuwa ametoka jikoni. Alimwona mumewe amekaa na simu, uso umelowa, hajaufunika wala hajaugeuzia ukuta. Kwa mazoea ya miaka mingi akanyoosha mkono kuipokea.

"Ngoja kwanza," Kisogo akamwambia. "Bado naongea na mwanangu."